Kaacha Sigara, Je, Vumbi?

Mabibi harusi wangu, sikilizeni. Mchumba anayechimba dhahabu Geita au Kahama, Shinyanga, akikwambia kaacha sigara aliyovuta miaka mingi, sema Alhamdulillah. Miezi michache tu kikohozi hupungua na pumzi hurudi. Baada ya miaka 10 hatari ya saratani ya mapafu hushuka karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Lakini vumbi la mawe yanayotobolewa na kusagwa huacha mapafuni makovu yasiyofutika, na hurahisisha kifua kikuu. Kwa hiyo, kabla hujaja nikupime gauni, walii wako amwombe akapigwe picha ya kifua. Huko si kumdharau. Tuulizie mapafu kama tunavyoulizia mahari.