Sehemu ya 7: Anayesomea ubongo naye ni mama

Leo nina la moyoni.

Wiki hii kliniki alikuja dada mmoja kumpima mtoto uzito, miezi minne. Mtoto mgongoni, mkoba wa kompyuta begani. Anasoma uzamivu, utafiti wake ni kifafa kwa watoto. Kwenye benchi nikasikia mtu: "Kichanga hiki, na bado anahangaika na vitabu?" Yule dada aliinama tu.

Jamani, mtoto akishikwa na degedege, leo tunajua kumlaza ubavu, kutomtia kijiko mdomoni, na kumkimbiza hospitali. Hatukuzaliwa tunajua. Kule Kilifi, Kenya, kuna kituo cha utafiti tangu 1989. Watafiti wake waliwafuatilia watoto waliopona malaria kali iliyopanda kichwani, wakaona baadhi wanabaki na kifafa au shida ya kuongea. Huko huko Profesa Amina Abubakar na wenzake walitengeneza vipimo vya ukuaji wa akili vinavyomfaa mtoto wa Pwani, asiulizwe vitu ambavyo hajawahi kuviona. Na yeye alianza kama mwanafunzi.

Sasa tazama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya siku 84, mapacha 100, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwanafunzi siyo mwajiriwa. Anabaki kutegemea huruma ya msimamizi wake. Mimi nasema hapana: vyuo viandike haki hiyo kwenye kanuni zao, na viweke chumba cha kunyonyeshea.

Na sisi nyumbani? Kutoka Ukonga hadi Muhimbili, foleni ya Barabara ya Nyerere peke yake ni kazi. Baba, mpokee mtoto. Bibi, usimwambie "acha shule". Maziwa yanakamuliwa: nawa mikono, chombo safi chenye mfuniko. Kwa joto letu hili yasizidi saa nne nje. Kwenye friji hadi siku nne. Mnywesheni kwa kikombe, siyo chupa.

Dada wa kliniki, kama unasoma hapa: uzito wa mwanao uko vizuri kabisa. Kasome, mama. Ipo siku mtoto wa mmoja wetu ataihitaji hiyo kazi yako.

Usiku mwema. Nesi wenu.