Sistimu mpya sawa, lakini hasara ya kuhama nani atalipa?

Nimefanya kazi ya uwakala wa mizigo hapa Mombasa miaka mingi, na kuna asubuhi moja naiogopa: ile ya kuwasha kompyuta ukakuta sistimu imebadilishwa na nywila yako haitambuliki. Kontena la mteja liko bandarini, siku za bure zinakwisha, na wewe huwezi kuingiza hata hati moja.

Mamlaka ya Ushuru, KRA, ilianza kutumia Simba mwaka 2005, sistimu iliyotokana na ile ya forodha ya Senegal. Ilitupunguzia foleni na makaratasi. Ikazeeka, ikaletwa iCMS. Kuhama sipingi. Programu kongwe hubaki na mafundi wachache wanaoielewa, na wakistaafu huondoka na siri zake.

Ninalopinga ni kuhamisha kila kitu kwa mkupuo. Tazama benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 ilihamisha wateja milioni 5.2 wikendi moja, kutoka mitambo iliyokuwa ikiikodi kwa Lloyds kwenda ile ya mmiliki wake mpya, Sabadell ya Uhispania. Wateja wengi wakafungiwa nje ya akaunti zao. Wengine wakaona akaunti za watu wasiowajua! Vituo vya data vilikuwa viwili, kumbe majaribio ya kubeba mzigo yalifanywa kimoja tu. Mambo hayakutulia hadi Desemba mwaka huo, na mwaka 2022 wadhibiti wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65.

TSB ilikuwa na pesa za kuwafidia wateja. Wakala mdogo wa Kilindini ana nini? Sistimu ikilala siku tatu, ada ya kuhifadhi mzigo hailali. Mteja naye hamdai aliyebadilisha sistimu, anakudai wewe. Mimi nimewahi kulipa ada hiyo kutoka mfukoni, karo ya mtoto ikasubiri.

Kwa hiyo kampuni au ofisi yoyote inayopanga kuhama iache sistimu mbili ziende sambamba kwa muda, hata kama ni gharama. Makarani waitwe wakati wa majaribio, si siku ya uzinduzi kuja kula sambusa. Na tangazo la kuhama lije na ahadi ya maandishi: siku ambazo sistimu imelala, ada haihesabiwi.