Msitu Si Mtupu

Kuna maneno mawili yaliyoangusha miti mingi katika nchi yetu: "Msitu mtupu." Mtu hupita kando ya barabara, akachungulia vichakani kitambo kidogo, asione pembe wala mkia, kisha hutoa hukumu kwamba humu hamna kitu, afadhali tulime au tuchome makaa. Hukumu hiyo naipinga, na napenda ninyi wanafunzi muipinge pamoja nami.

Mnyama wa msituni hana desturi ya kumngojea mpita njia. Husikia nyayo zetu tungali mbali, akajificha. Na wengine hutembea usiku, sisi tumelala. Ndiyo sababu wataalamu hutumia kamera za kutega. Kamera hufungwa kwenye shina la mti, karibu na njia ya wanyama. Kiumbe chenye joto mwilini kipitapo mbele yake, hupiga picha yenyewe pasipo mtu, na kuandika siku na saa. Mtego huo humnasa mnyama na kumwacha aende zake salama.

Tazameni yaliyotokea. Mwaka 2005, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, kamera hizo zilipiga picha ya sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu mfano wa mkonga, asiyefanana na sange yeyote aliyeandikwa vitabuni. Mwaka 2008 alitangazwa kuwa aina mpya. Uzito wake wapata gramu 700, naye awashinda sange wenzake wote kwa ukubwa. Hapa kwetu Kenya, mwaka 2010, kamera zilitegwa katika misitu ya Boni na Dodori, upande wa Lamu. Paa nunga, ambao ilidhaniwa wamesalia wachache mno huku bara, walionekana pichani kwa wingi. Je, misitu hiyo ilikuwa mitupu? La hasha! Lililokuwa tupu ni daftari letu.

Wako wasemao kwamba wazee wetu waliwajua wanyama bila ya kamera. Ni kweli, wala siwapunguzii heshima. Lakini mzee akisema barazani, "Nimemwona," mwenye tamaa ya ardhi humjibu, "Umeota." Picha yenye tarehe haijibiwi hivyo. Tena kamera haimfukuzi mzee. Ni nani awezaye kuonyesha njia ya paa kuliko Mwaweer aliyefuata asali katika msitu wa Boni tangu utotoni?

Wengine huchelea kwamba kamera itawapeleleza akina mama waokotao kuni. Hofu hiyo ni ya haki. Basi wanakijiji waelezwe mapema kamera ziko wapi na ni za nini, na picha za watu zisitumiwe kuwaonea. Kosa la mtumiaji lisiwe sababu ya kukitupa chombo.

Naam, picha haizuii shoka. Huzuia uongo tu. Kazi iliyobaki ni yetu. Kwa hiyo, mkikuta kamera mtini, msiiguse. Na mtu akiwaambia kwamba msitu ni mtupu, mwulizeni kwa adabu: "Umekesha humo siku ngapi?"