Chuma Chakavu na Wajibu wa Miji

Katika taka zote za mijini, chuma ndicho kisichosubiri gari la manispaa. Kipande cha nondo, jiko lililotoboka au bati la friji bovu likitupwa asubuhi Manzese au Vingunguti, jijini Dar es Salaam, aghalabu kabla ya jua kutua limekwisha kuokotwa. Mwokotaji hulitia katika kiroba na kulipeleka kwa mnunuzi mdogo mwenye mizani ya kuning'iniza, akalipwa kwa kilo papo hapo. Mnunuzi huyo hukusanya mpaka guta lijae, kisha humuuzia mwenye yadi. Huyu naye hutenga chuma, shaba na alumini mafungu mbalimbali, akangoja yatimie mzigo wa lori. Mwisho wa safari ni tanuri la kiwanda, ambako chuma kikuukuu huyeyushwa na kutoka nondo mpya za kujengea nyumba. Mpangilio huu haukubuniwa na ofisi yoyote, wala hakuna bajeti ya serikali iliyoulipia. Umejengwa na jasho la maskini, nao yapasa uheshimiwe kabla haujasahihishwa.

Faida yake haina ubishi. Chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, kimekaa ardhini miaka na miaka kikingoja kuchimbwa kwa wingi, hivyo viwanda vya nondo vya Tanzania hutegemea sana chakavu na chuma kinachoagizwa ng'ambo. Kila tani iliyookotwa mtaani ni tani isiyonunuliwa kwa fedha za kigeni. Katika alumini faida ni kubwa zaidi, maana kuiyeyusha upya hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa katika mawe ya boksiti. Tena huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo fundi aweza kulipata uani kwa mkaa na feni, akasubu sufuria. Huko Kamukunji, Nairobi, mapipa na mabati makuukuu hufuliwa yakawa majiko, makarai na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Hizi ni kazi za watu wenye ujuzi, si uzururaji kama wanavyodhani baadhi ya wakubwa wa miji.

Taka nyingine hazina bahati hiyo. Zaidi ya nusu ya taka za miji ya Afrika Mashariki ni maganda, mabaki ya chakula na majani, vitu visivyo na mnunuzi, navyo huishia dampo. Dampo la Dandora, Nairobi, lilianza kutumika mwaka 1975 katika shimo la machimbo ya mawe. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, na malori yakaendelea kumwaga. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walilazimika kwenda Mahakama Kuu kudai dampo liondolewe karibu na nyumba zao, na mwaka 1991 mahakama ikakubali kwamba moshi na uvundo ule ulihatarisha uhai wao. Taka yenye bei hujiondokea yenyewe. Isiyo na bei haina budi kulipiwa na mji. Halmashauri inayongoja soko lizoe maganda ya ndizi kama lilivyozoa chuma itangoja milele.

Lakini bei nayo ina ukatili wake, kwa kuwa hupima kilo na haipimi sumu. Betri ya gari ni mfano mchungu kuliko yote. Ndani yake mna madini ya risasi, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, moto wa kawaida wa kuni ukitosha kabisa. Kwa hiyo mtu aweza kupasua betri, akamwaga maji yake makali mtaroni na kuyeyusha risasi nyuma ya nyumba, watoto wakicheza kando. Vumbi la risasi halina harufu ya kumwonya mtu. Huingia mwilini kwa pumzi na kwa vidole vinavyotiwa mdomoni, na katika ubongo wa mtoto huacha madhara yasiyorekebika.

Haya si mambo ya kubuni. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watu walipasua betri kwa miaka mingi. Bei ya risasi ilipopanda, wakafukua hata mchanga wenye masalia yake na kuuchekecha majumbani mwao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wakafa. Karibu na nyumbani, katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwekwa kando ya makazi ya watu. Mama mmoja aliyefanya kazi humo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi katika damu, akaanza kupaza sauti. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikakatiwa rufaa na kupanda mpaka Mahakama ya Juu. Fidia, hata ikilipwa senti ya mwisho, haimrudishii mtoto akili aliyopokonywa. Ulinzi ulipaswa kutangulia.

Nyaya nazo zina balaa lake. Vijana huzichoma ili plastiki iungue ibaki shaba, na moshi ule mweusi hubeba dioksini, sumu inayodumu mwilini na katika udongo. Kisu na mashine ndogo ya kukwangua ganda hutoa shaba safi zaidi, na shaba isiyoungua hupata bei nzuri. Yadi ikikataa kununua shaba iliyochomwa, moto utazimika wenyewe bila askari.

Hapo ndipo palipo kiini cha jambo: mizani. Mwaka 2022, mwezi Januari, Kenya nzima iliingia gizani baada ya minara ya umeme kuanguka, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwa wezi wa vyuma. Serikali ikapiga marufuku biashara yote ya chuma chakavu, ingawa sheria ya kuisimamia ilikuwapo tangu mwaka 2015. Mwezi Mei marufuku ikaondolewa kwa masharti. Uchungu wa serikali ulikuwa wa haki, kwani anayeng'oa chuma cha mnara, mfuniko wa chemba au alama ya barabarani huua watu asiowajua. Hata hivyo, marufuku ya jumla humnyima mlo mwokotaji wa makopo pamoja na mwizi, kisha huisukuma biashara gizani. Mwizi hawezi kula chuma. Anahitaji mtu wa kukipima na kukilipia, na mtu huyo ana yadi, ana geti na ana anwani. Basi leseni, daftari la wauzaji na ukaguzi wa kushtukiza vimwandame mwenye mizani. Tanzania nayo inadai kibali kwa wafanyabiashara wa chuma chakavu chini ya kanuni za taka hatarishi. Kinachobaki ni kanuni hizo zifike uchochoroni, bila kugeuzwa chambo cha rushwa.

Mwokotaji naye atambuliwe. Mjini Pune, India, waokotaji waliungana katika ushirika, na tangu mwaka 2008 wakaingia mkataba na manispaa wa kukusanya taka nyumba kwa nyumba. Bogotá nchini Kolombia huwalipa waokotaji kwa uzito wa taka wanazookoa zisiende dampo, malipo yaliyoanza mwaka 2013 baada ya wao kushinda mahakamani. Dar es Salaam, Mombasa na Kampala hazikosi uwezo wa kuanza kwa glovu, viatu vigumu, chanjo ya pepopunda na kitambulisho cha kumkinga mtu asikimbizwe kila anapoonekana na kiroba. Wenye nyumba watenge chuma na betri kabla ya kumwaga ndoo. Wauzaji wa betri mpya walazimishwe kupokea ile iliyokufa na kupunguza bei, ili isipite kamwe mikononi mwa mtoto.

Halafu halmashauri zitenge viwanja vya yadi kwenye ramani za mipango miji, vyenye sakafu ya zege na mitaro yake, mbali na shule na visima. Yadi nyingi zimejibana vichochoroni kwa kuwa hazikupangiwa mahali, na mwenye yadi asiye na hati ya kiwanja hana sababu ya kumwaga zege leo pale anapoweza kufukuzwa kesho.