Kiazi Hakina Kitambulisho

Kuna polisi wapya mtandaoni, na kazi yao ni kulinda sufuria za watu. Ukipika maafe, ule mchuzi mzito wa njugu wa Senegal na Mali, kisha utie viazi na karoti, wanakukamata. Eti hiyo si maafe ya asili. Eti umeichakachua. Eti hizo ni mboga za Wazungu na wewe ni Mwafrika aliyepotea njia.

Mimi naipika hivyo hivyo, kwenye bedsitter yangu hapa Eldoret, na sioni aibu. Mhariri mmoja, ambaye sitamtaja, alinirudishia makala niliyoandika kuhusu maafe na kuniambia nitoe viazi ndipo nilipwe. Wasomaji, alisema, wanataka Afrika ya kweli. Nilikataa, na pesa hazikuja. Kwa msee aliyeacha chuo na anayeishi kwa kuandika kipande kimoja kimoja, hiyo ni kodi ya nyumba. Kwa hivyo wacha tuongee vizuri kuhusu hiyo Afrika ya kweli.

Tuanze na njugu zenyewe. Njugu karanga ni mmea wa Amerika Kusini. Wareno waliuleta Afrika Magharibi, ambako watu walikuwa tayari wanalima njugu mawe, ambazo ndizo za huko hasa. Baadaye Wafaransa wakaigeuza Senegal kuwa shamba kubwa la njugu za kukamua mafuta. Reli ya Dakar hadi Saint-Louis, iliyofunguliwa mwaka wa 1885, ilijengwa ili kuzibeba. Nyanya inayotiwa kwenye mchuzi nayo ni ya Amerika, sawa na pilipili. Ukiamua kumfukuza kila mgeni kwenye sufuria ya maafe, utabaki na nyama, chumvi na maji ya moto.

Tazama pia jirani yake, ceebu jën, ule wali wa samaki ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa Senegal mwaka wa 2021. Ndani yake mna nini? Karoti. Kabeji. Mihogo, ambayo pia ilivuka bahari kutoka Amerika. Na zile chenga za mchele zilizozoeleka huko zililetwa na Wafaransa kutoka Indochina. Wasenegali hawajalala njaa wakisubiri kibali cha mtu.

Haya, na hizo "mboga za Wazungu"? Lugha yetu imetuchezea. Tunasema viazi ulaya, ilhali Ulaya haikuwa na kiazi hata kimoja mpaka Wahispania walipovitoa kwa watu wa milima ya Andes katika karne ya 16. Karoti ilianzia Asia, pande za Uajemi na Afghanistan. Hii ya rangi ya chungwa ilienezwa na wakulima wa Uholanzi. Mzungu naye ni mteja tu kwenye hii duka.

Najua hoja nzito ya upande wa pili. Wakoloni walichukua ardhi, wakadharau vyakula vyetu, na leo mtu anayelinda mapishi analinda kile kilichobaki. Ukiruhusu kila kitu, mwishowe hakuna kitu. Naiheshimu hoja hiyo, na ndiyo maana nina masharti yangu. Ukitoa njugu, hiyo si maafe tena, tafuta jina lingine. Kitunguu na nyanya zikaangwe, njugu za kusagwa zikorogwe polepole kwa moto mdogo mpaka mafuta yaelee juu. Huo ndio uti wa mgongo. Halafu taja jina lake na watu wake. Usiite "supu ya Kiafrika" kana kwamba bara zima ni kijiji kimoja.

Lakini mboga zinazoingia ndani hutegemea soko lililo karibu na mpishi. La kwangu liko hapa. Viazi vinashuka kutoka nyanda za juu za Keiyo, pande za Kaptarakwa. Njugu zinapanda kutoka Bonde la Kerio. Mteremko mmoja tu ndio unaozitenganisha. Kama unataka chakula cha hapa, bana, ni hiki.

Na angalia ni nani huambiwa amechakachua. Mpishi wa hoteli kubwa akimwaga mchuzi huo huo kwenye sahani nyeupe, akaweka karoti tatu za kuchoma juu yake, anaitwa mbunifu na bili inapanda. Mama wa kibanda akikatia viazi ili mchuzi uwatoshe watu wengi, anaitwa mshamba.

Sasa utaniuliza, mbona hasira yote hii kwa ajili ya waru? Ni kwa sababu naishi Eldoret. Hapa swali la "asili yako ni wapi" halijawahi kuwa swali la jikoni pekee.

Jina la kaunti yetu, Uasin Gishu, limetokana na ukoo wa Wamaasai ambao hawapo hapa tena. Makaburu walikuja na magari ya ng'ombe mwaka wa 1908, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, wakajigawia ardhi ya watu. Mji wenyewe uliitwa Sixty-Four, nambari ya shamba, na wazee bado wanasema Sisibo. Kisha wakaja watu wa kila kona ya Kenya, wakalima, wakafungua maduka, wakazaa. Ukitafuta mwenye asili safi katika mji huu utatafuta sana.

Lakini kuna waliotafuta. Katika siasa za Bonde la Ufa, watu wa jamii nyingine waliitwa madoadoa, kama uchafu kwenye nguo safi. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Ghasia za msimu huo ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini. Neno hilo bado lilikuwa kwenye midomo ya wanasiasa mwaka wa 2022, hadi tume ya uwiano na utangamano ikaliorodhesha kati ya maneno ya chuki.

Sisemi anayecheka karoti zangu ni muuaji. Nasema amezoea sentensi ambayo mji huu unaijua vizuri: hiki si cha hapa, kitoe. Sentensi hiyo hujifunzwa mezani, kwa utani, juu ya vitu vidogo, na mtu akishaizoea hasikii tena uzito wake.

Kwa hivyo ukikuta mtu amepika kitu, muulize amekipikaje na amejifunza kwa nani. Hayo ni maswali ya mtu anayetaka kula na kujua. Lile la "ni cha hapa kweli?" liache. Eldoret imeshawahi kulijibu, kwa moto.