Pikapu Zikiinuliwa, Mizani Isisahauliwe

Yeyote anayesafiri siku hizi kutoka Bagamoyo kwenda Kaole, Mbegani au Mlingotini hawezi kukosa kuona mageuzi yaliyoziingia pikapu zetu. Gari lililoteremshwa melini likiwa na kimo cha kawaida huonekana baada ya wiki chache limepanda juu, magurudumu yake yamenenepa, na mama mchuuzi wa samaki hana budi kushikwa mkono ili apate kupanda. Vijana hukuita huko "kunyanyua gari". Wapo wanaolifanya jambo hilo kwa fahari tu. Lakini walio wengi hulifanya kwa haja, na haja hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo, kwa kuwa inagusa roho za watu, na inagusa pia azma yetu ya kujitegemea kwa ufundi.

Haja yenyewe ni ya kweli. Barabara ya lami ya kilomita 64 kutoka Bagamoyo hadi Msata imeleta neema kubwa, lakini samaki hawavuliwi juu ya lami, wala mwani hauanikwi juu yake. Mwenye gari akishaiacha lami kuelekea ufukweni hukutana na mchanga unaomeza gurudumu. Akielekea Wami na Saadani wakati wa masika, hukutana na udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata kama gundi na kuchimbika makorongo. Pikapu iliyo chini hapo huburura tumbo, hutoboa tangi na kukatika mabomba. Ndugu zetu wa Pemba, wanaoteremsha karafuu kutoka vilimani hadi mabondeni, wanayajua mateso hayo bila kusimuliwa. Basi mtu akisimama leo na kusema kwamba kunyanyua magari kupigwe marufuku, atakuwa amelihukumu jambo akiwa amekaa penye lami.

Hata hivyo, haja ya kweli haihalalishi kazi mbovu. Na kazi mbovu ipo.

Gari la mizigo hukaa juu ya springi, na nyuma ya pikapu nyingi springi hizo ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Njia ya haki ya kuliinua ni kubadili springi kwa springi nyingine zilizofuliwa kwa kimo na ugumu uliopimwa, kuweka shokapu za urefu unaolingana nazo, kurefusha mipira ya breki, na kuzipima upya pembe za magurudumu ya mbele. Seti ya namna hiyo hubuniwa kwa hesabu, kisha hujaribiwa barabarani kabla ya kuuzwa. Njia ya mkato ni nyingine kabisa. Huchukuliwa kipande cha chuma kikachomekwa kati ya springi na ekseli, au spesa za mpira zikapachikwa mbele, au springi ile ile ya zamani ikachomwa kwa gesi ili ikunjike zaidi. Mwenye gari hufurahi, maana gari limepanda kwa bei nafuu. Hajui kwamba chuma cha springi kilipewa uimara wake kiwandani kwa moto na ubaridi wa kipimo maalumu, na kwamba kukichoma ovyo ni kukinyang'anya uimara huo. Springi hiyo italegea, au itakatika siku ambayo gari limejaa watu.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kupanda pikapu iliyonyanyuliwa nyuma kwa vipande vya chuma. Karakana iliyofanya kazi hiyo hatuitaji, kwani haja yetu si kumwaibisha mtu. Tulikuwa tumepakia matenga ya samaki, na nyuma walikaa kina mama wanne. Tulipofika kwenye mteremko, dereva alikanyaga breki, na gari likaendelea kwenda kana kwamba halikusikia. Mungu alitustahi, tulisimama kwenye kichaka, matenga yakamwagika, na watu wakasalimika. Fundi mzee aliyelikagua baadaye alituonyesha chanzo cha ajali hiyo. Pikapu nyingi zina vali inayogawa nguvu za breki za nyuma kwa kadiri ya mzigo, na vali hiyo imeunganishwa na ekseli kwa kijiti cha chuma. Mzigo ukiwa mzito, bodi hushuka karibu na ekseli, na vali huruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu. Gari letu lilipoinuliwa, hakuna aliyekigusa kijiti kile. Kwa hiyo hata lilipojaa samaki, vali ilidhani halina kitu, ikazinyima breki za nyuma nguvu zake. Kosa lilikuwa dogo kama ukucha, nalo nusura litoe roho za watu sita.

Hatari ya pili ni ya kupinduka. Hapa hatuna haja ya kutafuta mwalimu mbali. Nahodha yeyote wa jahazi anajua kwamba chombo kisicho na farumi tumboni, kisha kikapakiwa shehena juu, hakiihimili dhoruba. Gari nalo lina sheria hiyo hiyo. Chukua nusu ya upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, uigawe kwa kimo cha kitovu cha uzito wa gari. Jibu likiwa kubwa, gari ni imara. Likipungua, kupinduka kunakaribia. Idara ya usalama barabarani ya Marekani imeutumia uwiano huo kuyapima magari tangu mwaka 2001. Tuseme pikapu ina upana wa milimita 1,500 kati ya magurudumu, na kitovu chake kiko milimita 680 kutoka ardhini. Uwiano wake ni 1.10. Kitovu hicho kikipandishwa kwa milimita 60 tu, uwiano hushuka hadi 1.01. Na hapo hatujapanga magunia wala kukalisha abiria juu yake. Tena yafaa kila mwenye gari aelewe kwamba springi ngumu hazimwongezei ruhusa ya uzito. Chasisi, ekseli na breki hubaki zile zile alizozitoa mwundaji.

Wenzetu walilitatuaje jambo hili? Nchini Australia, ambako mashamba na majangwa yana njia mbaya kama zetu, mtu mmoja wa Melbourne alianza mwaka 1975 kuunda vifaa vya magari ya porini. Kazi hiyo ilikua ikawa kampuni ya ARB, na springi na shokapu zake za Old Man Emu zinauzwa duniani kote. Lakini ufundi huo haukuachwa kama ng'ombe asiye na mchungaji. Katika majimbo mengi ya nchi hiyo, gari linaloinuliwa kupita kiasi cha milimita 50 hudaiwa cheti cha mhandisi aliyeidhinishwa. Kwa njia hiyo mwenye gari alipata kimo chake, fundi akapata riziki yake, na anayetembea kando ya barabara akapata amani yake.

Sisi nasi hatuanzi mikono mitupu. Huko Arusha, pikapu za Land Cruiser hurefushwa na kuundiwa bodi za kubebea watalii, na kampuni ya Hanspaul imejipatia sifa kwa kazi hiyo. Gerezani, Dar es Salaam, mafundi wanafua na kuchomelea vyuma kila siku ya Mungu. Unguja, mafundi wamekuwa wakiyaundia magari madogo ya mizigo bodi za mbao na kuyafanya ya abiria, nao hawakungoja mtaalamu wa kigeni awaonyeshe. Na hapa mkoani Pwani, pale Kibaha, lipo Shirika la Nyumbu, lililotuthibitishia katika miaka ya 1980 kwamba Mtanzania anaweza kubuni lori. Nchi iliyobuni lori zima itashindwaje kubuni springi nne na shokapu nne?

Kinachokosekana ni kuwaunganisha wenye vipaji na wenye vipimo. Fundi wa Gerezani anao mkono, lakini hana mashine ya kuipima springi mpaka ikatike. Mhandisi anayo mashine, lakini hajui gari linavyozama katika tope la Saadani. Kila mmoja yuko upande wake wa mto, na daraja halijajengwa.

Kwa hiyo tunawashauri viongozi wetu mambo manne.

Kwanza, Shirika la Nyumbu, SIDO na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji waketi pamoja na mafundi wenyewe, wabuni seti ya kuinulia zile pikapu zilizo nyingi zaidi katika njia zetu. Waanze na kimo cha kiasi, milimita 40 au 50, na seti iwe kamili: springi, shokapu, mipira ya breki, na kifaa cha kurekebisha vali ile tuliyoitaja. Kisha wazijaribu kwenye mchanga wa Mbegani na tope la Wami, si uwanjani peke yake.

Pili, Shirika la Viwango, TBS, na Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, watoe kiwango kimoja. Bahari iliyo kati yetu huvukwa kila siku, na gari lililokubaliwa Bagamoyo lisiwe kosa Unguja, wala lililokataliwa Unguja lisipate hifadhi Bagamoyo.

Tatu, vyuo vya VETA huku Bara, na Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia kule Mbweni, waandae mafunzo mafupi kwa mafundi walio kazini, na anayefuzu apewe cheti. Fundi wa miaka ishirini asidharauliwe kwa kukosa darasa. Aongezewe darasa juu ya ujuzi wake.

Nne, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu barabarani, lakini askari aliyesimama juani atajuaje kama springi iliyo chini ya gari ilipimwa au ilichomwa kwa gesi? Apewe alama ya kutazama: kibandiko cha chuma chenye namba ya seti na namba ya fundi. Penye alama gari lipite. Pasipo na alama likaguliwe. Hapo utakuwa umekwisha ule mtindo wa kumsumbua kila mwenye pikapu ndefu, mwema na mbaya kwa pamoja.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yataongeza gharama. Ni kweli, seti iliyopimwa haiwezi kuuzwa kwa bei ya kipande cha chuma. Lakini ikiundwa hapa, fedha yake itabaki mikononi mwa mfua chuma wa Kibaha na fundi wa Bagamoyo, badala ya kusafiri ng'ambo. Na aliyewahi kulipia jeneza anajua kwamba rahisi ni ghali.

Tulipokuwa wadogo chuoni, tukisoma juzuu juu ya mkeka, mwalimu wetu alitufundisha kwamba mizani haichezewi, kwa sababu anayeipunja hudhulumu asiyemwona. Fundi anayeinua gari bila kupima anamdhulumu abiria asiyemjua, na kiongozi anayelitazama jambo hilo akanyamaza ni mshirika wake. Pikapu zetu ziinuliwe, maana njia zetu zinadai hivyo. Lakini ziinuliwe kwa kipimo, kwa mikono yetu wenyewe, na mama mchuuzi anayepanda alfajiri pale Mbegani afike sokoni na tenga lake, kisha arudi nyumbani kwa wanawe.