AI imeniokolea saa moja. Nani ameikula?

Wasee, wacha niseme hii kitu kabla bando haijaisha.

Kila nikifungua simu napata mtu wa suti akituambia: "AI haitachukua kazi yako, itachukuliwa na mtu anayejua kuitumia." Sawa. Mimi niliitumia. Niulize ilinifikisha wapi.

Nilikuwa nasikiliza rekodi za mahojiano na kuzichapa, nikiwa kwa keja yangu huku Roysambu. Rekodi ya saa moja ilikuwa inanichukua masaa manne, nalipwa 1,200. Siku moja kampuni ikatuandikia: sasa mashine itachapa, nyinyi mtarekebisha tu. Bei mpya, 400.

Hiyo "tu" ndiyo iliniua. Mtu akichanganya Kiswahili na Kizungu vile sisi huongea, mashine inajiandikia vitu zake. Majina ya watu ndiyo usiseme. Nasikiliza tena, nafuta, naandika upya. Masaa manne yakawa matatu.

Piga hesabu. Zamani 300 kwa saa. Sasa kama 133. Nimekuwa na kasi zaidi na maskini zaidi, siku hiyo hiyo! Niliuliza kwa nini, nikatolewa kwa grupu ya WhatsApp. Kazi ikaishia hapo.

Na msiniambie nachukia AI. Video zangu inaniwekea maandishi kwa dakika chache, nami nalala mapema. Tofauti ni moja: hapo saa iliyookolewa ni yangu. Kule, ilikuwa ya tajiri.

Tena hii mashine haikuanguka kutoka mbinguni. Januari 2023, jarida la TIME liliripoti kwamba vijana hapa Nairobi walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa, wakisoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji ili ChatGPT ifundishwe kuyatambua. Kampuni iliyowaajiri ilikuwa na mkataba wa dola 12.50 kwa saa. Yaani tulilipwa kidogo kuifunza, na sasa tunalipwa kidogo kwa sababu imejua. Buda, hiyo ni haki gani?

Kwa hivyo ukiambiwa mashine itakurahisishia kazi, usikimbie kushukuru. Uliza: bei inashuka kwa sababu gani? Muda wa kurekebisha nani analipia? Na usiulize peke yako kama mimi. Tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kuchuja maudhui ya mitandao walikutana hapa Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Mtu mmoja anatolewa kwa grupu. Watu 150 ni lazima wasikizwe.

Wewe kazi yako bei imeshuka na ngapi tangu AI iingie? Niandikie hapo chini, na useme ukweli.